Nipimie Kimya

Kijana wa dukani, beji yake imeandikwa Nukri,
ananiuliza kama nataka kunasa kwaya ya kanisa
au wajukuu.
Namwambia: lifti.

Lifti ya jengo letu, huku Gldani, pembeni mwa Tbilisi,
ile inayokula sarafu kabla haijapanda.
Sarafu hutatarika mdomoni mwa tundu, tikitikitiki,
ikamezwa,
kisha mota ikaguna kama mtu aliyeamshwa kudaiwa.
Mwezi ujao wanaleta ya kadi. Bubu.
Nina siku ishirini na pensheni ya fundi wa tramu.

Nimejaribu kwa simu.
Simu hukifanya kila kitu kisikike kimetoka ndani ya kopo:
birika langu, mlango wa ghala,
unga wa Gulnazi unavyopigwa kofi kwenye ukuta wa tanuri.
Navikata, navipanga, navirudisha kinyumenyume
katika kompyuta aliyoniachia Vakho
alipokwenda Poland kubeba matofali.

Nukri anapanga vitatu juu ya kioo.
Cha kwanza kina maikrofoni mbili zilizopishana
kama pembe za mbuzi wanaosukumana,
skrini ya rangi, matundu manne ya nyaya,
na bei anayoitamka akitazama pembeni.
Cha pili cheusi, kidogo,
kipande cha sabuni kilichokwisha nusu.
Cha tatu cha mitumba,
kifuniko cha betri kimeshikiliwa na utepe.

Ananieleza habari za biti thelathini na mbili,
kwamba hata mlango ukibamizwa sauti haitapasuka.
Mwanangu, nimefunga breki za tramu miaka thelathini na mmoja,
najua kitu kinavyopasuka.
Nipimie kimya.

Kimya?

Ndiyo. Zima redio. Funga mlango. Usipumue sana.
Kinasa sauti hujulikana kisipopewa kitu:
ni kama mgeni, mwache sebuleni peke yake
usikie anajisemesha nini.

Cha kwanza kilitulia tuli.
Cha pili kilivuma kidogo, kwa mbali,
mvua inayonyesha mtaa wa pili.
Cha mitumba kilikaanga vitunguu.

Basi cha kwanza, alisema Nukri, mkono tayari kwenye boksi.
Ngoja.
Nikakishika.

Hapo mkono wangu ukaanza kusema.
Tangu baridi ya mwaka juzi unatetemeka,
na kile chombo, kwa masikio yake ya popo,
kilinasa pete juu ya plastiki, kifundo cha kidole,
trrr, trrr,
nikajisikia kwenye hedifoni kama panya kabatini.
Nukri alitazama viatu vyake.
Mtoto ana adabu, kumbe.

Rudia, nikamwambia.
Mara ya tatu nilikuwa nahesabu.
Mitano kwa sekunde, na haukukosea.
Yule mpiga ngoma wa harusi ya Vakho alikosea mara ngapi?

Nilinunua sabuni.
Inaingia mfuko wa koti pamoja na funguo,
inatumia betri za rimoti,
na mvua ya mtaa wa pili hainisumbui.
Lakini sekunde zile za cha kwanza
nilimwomba anihamishie kwenye kadi yangu ya kumbukumbu.
Alinilipisha kadi, hakunilipisha mkono.

Jioni nilikiweka sakafuni mwa lifti, juu ya skafu,
nikamwita Zhuzhuna wa ghorofa ya tatu atie sarafu yake.
Tak.
Basi. Tak, na mota.
Nikamwambia umekosea, tia tena.
Tak.

Nikatia yangu.

Zhuzhuna alinishika kiwiko, hakusema kitu,
na hilo nalo limo kwenye rekodi,
kitambaa juu ya kitambaa, hafifu,
kabla mota haijaguna.
Sijalikata bado.