Farasi Sita

Farasi mwenyewe sijawahi kumwona.
Usukumani tunahesabu kwa ng'ombe,
na kwa hesabu hiyo injini yetu
ni maksai wawili, mmoja kilema.
Lakini kwenye kifuniko imeandikwa farasi sita,
na baba, aliyeinunua, aliamini maandishi.

Chombo chenyewe kilizaliwa mtoni.
Tumbo bapa kama sinia,
kimezoea vichochoro vya mafunjo,
maji ya kiunoni, ya kahawia, yenye adabu.
Miaka kumi na mmoja kilivusha mihogo, wanafunzi,
baiskeli, siku moja jeneza,
kutoka ng'ambo ambako mtu akiita unamsikia.
Kisha likaja daraja.
Abiria wakapita juu yetu wakipunga mkono.

Mnunuzi yuko Ukerewe.

Watu wa pwani wanasema maji yao yana ratiba:
yanapwa, yanajaa, mtu anatazama mwezi anajua.
Ziwa letu halipwi. Halijai. Lina tabia tu,
na tabia huisomi, unaivizia.
Usiku tatu tulilala Kayenze juu ya nyavu za watu,
mimi na Bugumba wa kukumba maji,
tukiamka saa tisa kulamba kidole
na kukiinua gizani.
Wa kwanza, hapana.
Wa pili tulikwenda hadi tukaona karabai za wavuvi wa dagaa
zinayumba kama walevi wanaotoka msibani.
Tukarudi.
Kijana mmoja mwenye farasi arobaini
alitucheka kuanzia mwaloni hadi kwa mama ntilie.
Na acheke. Chai tuliinywa tukiwa hai.

Wa tatu, ziwa limelala chali.
Plagi nikaifuta kwa upindo wa kanga,
kamba nikaizungusha, nikavuta.
Ikakohoa.
Nikavuta. Ikakohoa.
Bugumba akaisemesha Kisukuma, matusi ya machungani,
ikawaka.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri hadi nikaiogopa.
Mawe ya Mwanza yakazama nyuma yetu, moja moja,
kama watu wanaoketi.
Saa ya pili hakuna nchi mbele wala nyuma,
na aliyezoea mto ghafla hajui
macho ayaegemeze wapi.

Hapo ndipo fungu moja la magugu maji,
limepotea njia kama sisi,
likalikumbatia panga boi.

Kimya.
Hujalisikia ziwa mpaka injini inyamaze.
Nikalala kifudifudi, mkono majini hadi begani,
nikachambua mizizi kwa vidole
kama nywele za mtoto asiyetaka kusukwa,
huku sinia letu likigeuza ubavu kwa mawimbi,
na Bugumba akikumba, akihesabu kwa sauti,
makopo mia mbili na nane,
sijui alikuwa anamhesabia nani.
Upepo ukaamka kabla ya saa yake.

Ilipowaka tena sikuongeza moto.
Niongeze nini?
Nikapunguza.
Nikaliacha kila wimbi lipite chini, kwa mshazari,
kama unavyompisha mlangoni mwenye mzigo kichwani:
pita, mama, pita, tafadhali pita.

Saa tano kasoro tukagusa mchanga.
Makene akazunguka akigonga mbao kwa funguo.
"Kinakimbia?"
"Hakikimbii."
"Kinafika?"
"Leo kimefika."
Akahesabu noti mara mbili,
akapunguza elfu ishirini kwa ajili ya ukoga.

Kurudi tulipanda meli, na viti vyake na televisheni yake.
Ghuba ile ile ikapita chini yetu
kama mtu aliyekukopa, asiyetaka kukutambua.
Bugumba akalala mdomo wazi, kopo bado mapajani.
Mwanza ilipoanza kuinua mawe yake
nikatia mkono mfukoni kutafuta nauli ya bajaji,
nikatoa kamba ya kuwashia.

Farasi sita, Ukerewe,
na hatamu ninazo mimi.