Nimenunua Hela kwa Hela

Kalunde wa Isevya kaja na mfuko wa rambo:
koki mbili zilizokufa, kitasa, bawaba za mlango,
na chini kabisa, kimegandwa na udongo wa choo alichochimba,
kiduara cheusi kama kisigino.
"Pima na hicho, Kapela. Shaba ni shaba."

Nikakisugua kwa ndimu na jivu.
Likatoka taji. Ikatoka ishirini,
mwaka wa kumi na sita, na T moja ndogo,
T ya Tabora, ya hapa hapa,
ya karakana za reli nilikomaliza ujana
nikikaza nati za mabehewa, nisijue
kwamba vita ilipoziba njia ya pwani
Mjerumani aliyeyusha maganda ya mizinga mjini humu
akayagonga, yakawa mshahara.

Ganda lilikuwa limeshaua.
Kisha likaenda sokoni, likanunua mtama.

Mjukuu wangu Nsabi, kidato cha tano,
mdomo mrefu kuliko suruali,
anasema hela ni jina la mji, huko kwao,
mji uliochemsha chumvi.
Nimecheka mpaka mizani ikatikisika.
Chumvi! Bibi mzaa mama alitoka Uvinza;
alitolewa mahari kwa mizigo ya chumvi,
na mzigo mmoja, alikuwa akinung'unika hadi uzeeni,
ulikuwa umelowa.

"Na neno la Waingereza?"
Hapo Nsabi akajiweka sawa juu ya betri bovu la lori.
Lao, akasema, lilianzia hekaluni, Roma,
kwa mungu wa kike aliyeitwa Moneta,
na wengi husema maana yake ni Mwonyaji.
Ati usiku mmoja adui alipanda mlima kimya kimya,
bukini wa pale wakapiga kelele, mji ukaamka.
Baadaye ubavuni mwa hekalu zikagongwa sarafu,
na jina la anayeonya likaganda
kwenye kinachong'aa,
kama masizi kwenye sufuria.

Mwonyaji.
Nimelitafuna neno hilo kama pingili ya muwa.
Sisi nani alituonya?
Bukini hatukufuga. Tulikuwa na kanga wa porini,
na kanga hulia hata kwa jani.
Pesa ilikuja na jora la Mhindi, haikusema kitu.
Fedha ni madini tu, kwa ulimi wa Mwarabu.
Nyumbani tuliita mpia,
rupia iliyokatwa pua,
na mama aliitamka kwa sauti ya chini
kama jina la mgonjwa.

Kalunde amechoka kusubiri. "Unapima, hupimi?"
Koki, kitasa, bawaba: kilo mbili kasorobo.
Kiduara nimekitoa kwenye sahani ya mizani.
Nimempa elfu tano kwa hicho peke yake,
naye kanitazama kama mtu aliyepigwa jua,
akaikunja noti mara nne,
akaichomeka ndani ya ganda la simu.

Ganda tena.

Usiku, duka limefungwa,
nimeidondosha ile hela juu ya kipande cha reli
ninachonyooshea misumari.
Imelia mara moja, nyembamba, ndefu.
Mbwa wa jirani kaamka.
Nimekaa gizani nikisikiliza,
nisijue kama imeonya
au imetaja bei.