Jani la Sale

Kaka yangu Elinami ameomba radhi kwa picha.
Jani la sale, bichi, limesimama wima kwenye kioo cha simu,
na chini yake: "Mama, nimekosa."

Miaka sita tangu ugomvi wa kihamba hapa Kibosho,
tangu aseme migomba haijengi mtu,
akapanda ndege bila kugeuka.

Mama aliishika simu kwa ncha za vidole.
Akaigeuza nyuma. Akaifuta kwa kanga.
"Halina harufu," akasema. "Wala umande.
Jani la radhi huletwa kwa mkono,
na mkono huletwa na miguu."

Nikaandika hayo. Jibu likaja usiku, kwake mchana:
alilikuta dukani, kati ya sabuni na chakula cha paka,
ndani ya chungu cha plastiki, lina bei shingoni.
Huko ni pambo. Watu huliweka dirishani
wasijue ni neno.
Muuzaji alimwuliza kwa nini analia,
naye hakujua aanze kwa lugha ipi.

Mama alikaa kimya hadi maji ya mfongo
yakasikika yakipita nyuma ya zizi.
Kibo ilikuwa imejifunika; haikutoa ushahidi.

Tumesogezwa karibu kiasi hiki:
naona ukucha wake ulivyokatika,
sijui kama amekula.

Asubuhi, akimkatia ng'ombe mgomba, bila kunitazama:
"Lile jani lina wa kulimwagilia?"
Panga likapanda, likashuka.
"Mwambie alimwagilie. Lisimfie ugenini."