Nusu Kilo

Tukuyu. Ukungu umekaa dirishani kama mdai.
Juu ya duka la mbolea, chumba chetu kina heta moja,
kompyuta mbili, na ubishi wa wiki nzima:
kati ya mfumo wa kale na mpya, upi una mbio
katika kutunza kila badiliko la programu
inayopima chai ya wakulima elfu na mia mbili.

Ambakisye anatetea wa kale. Historia yote iko Dar,
kwenye seva moja; kila swali litoke hapa,
literemke Kitonga, lipite Mikumi,
kisha jibu lianze kupanda.
Lusekelo anacheka. Wake hubeba historia nzima mgongoni,
kama konokono na nyumba yake,
ila huyu konokono anakimbia.

Tukapima. Mimi nilishika simu, saa ya kuhesabu.
Kufungua tawi: wa kale, dakika mbili na ushee;
mpya, kabla kidole changu hakijainuka.
Kuunganisha matawi: mvua ikakata mtandao,
tukashuka kwa Subilaga, tukala viazi vya kuchoma,
tukapanda, wa kale bado unazunguka.
Mpya, sekunde nne.
"Andika tano," akasema Ambakisye. "Haraka haina baraka."
"Na foleni je, inayo?"

Likabaki jaribio la mwisho, amri tunayoiita lawama:
unaonyesha mstari, unauliza, nani aliandika?
Lusekelo akachagua ule wa mia mbili na kumi na nne,
unaofyeka kila kinachozidi kilo kamili,
gramu mia tano, mia tisa, kwake ni umande.

Tangu masika wakulima wanalalamika.
Tulisema mizani imelowa. Tulisema karani.
Sekela Mwakibinga alikuja na gunia lake
na mizani ya kupimia maharage,
tukamwambia, mama, mashine haidanganyi.

Wa kale ukaondoka kwenda Dar kuuliza.
Dakika kumi na moja.
Zinatosha kumhukumu mtu: tukamtaja Anyosisye,
aliyeacha kazi Januari bila kuaga;
tukakumbuka viatu vyake vipya,
na jinsi alivyokuwa hapendi kutazamwa akiandika.
Mimi ndiye niliyesema viatu.

Kabla wa kale haujarudi, Lusekelo akaugusa mpya.
Nusu sekunde, labda.
Jina langu.
Agosti ya mwaka juzi, saa nane usiku,
na maelezo niliyoyaacha kwa mkono wangu:
*nimerahisisha hesabu.*

Hakuna aliyesema kitu. Heta ililia.
Kisha wa kale ukafika kutoka Dar, unahema,
na jina lilelile.

Mstari niliusahihisha kwa dakika moja.
Kwenye jedwali la Ambakisye kuna kisanduku kitupu
upande wa mfumo mpya, safu ya lawama,
kwa sababu sikuisimamisha saa.
Niligundua asubuhi, njiani kwenda kwa Sekela,
matope yamefika kwenye vifundo,
daftari la madeni kwapani,
na simu mfukoni bado inahesabu.