Deki Mbili za Ndahani

Julai, upepo wa Dodoma unakujaza vumbi hadi katikati ya meno,
Ndahani akarudi kutoka Dubai na maboksi mawili,
akayatua juu ya meza yangu ya ufundi, Barabara ya Nane,
kati ya pasi iliyoungua na redio ya mtu aliyehama bila kulipa.

"Fundi," akasema, "huko dunia imegawanyika.
Hii inasoma hizi za kasha jekundu. Ile, zile za buluu.
Usichanganye. Hazisalimiani."

Nikazigeuza diski mbili, sinema ile ile ndani ya zote:
duara na duara, tundu na tundu.
Nikajitazama mgongoni mwa moja, kisha mwa nyingine.
Kote nilihitaji kunyoa.

Maoni yalianza kabla sijashika bisibisi.

Mlowezi, askari wa Isanga, alipenda nyekundu:
"Bei yake inaujua mshahara wangu."
Mwalimu Chibago alivaa miwani, akasoma kasha la buluu
mbele na nyuma, kama anasahihisha insha ya mwanafunzi asiyempenda,
akatangaza: "Ile ni gunia. Hii ni lumbesa.
Nendeni Kibaigwa mkaulize lipi linapata mnunuzi kwanza."
Mama Sechelela, ungo wa zabibu bado kichwani,
akauliza ipi ina yule kijana anayetia maneno ya Kiswahili.
Hakuna.
"Basi mnagombania mabubu," akasema, akapita.

Jumamosi tukapanga kupima.
Saa nane mchana umeme, uliokatika tangu alfajiri,
ulirudi kwa hasira.
Ndani ya deki ya nyekundu nikasikia
kama mtu amebanja njugu mawe moja.
Harufu ikafuata.

Sasa sikilizeni, maana sijawahi kumwambia mtu.

Usiku ule watu thelathini na watatu walikaa uani kwangu,
juu ya madumu, juu ya matofali,
mbele ya runinga yangu ya chogo, inchi ishirini na moja,
ambayo hata ukiionyesha jua itakupa chenga.
Nikaonyesha buluu.
Nikainama, nikapapasa waya, nikakohoa,
nikasema: "Na sasa, nyekundu."
Nikaonyesha buluu.

Mungu wangu, walivyoona!
Mlowezi aliona sisimizi juu ya jani, akamhesabu miguu.
Mwalimu akabisha: sisimizi alikuwepo tangu ile ya kwanza,
tena na kivuli chake.
Binti wa fundi cherehani akaapa machozi ya mwigizaji
yalikuwa na chumvi zaidi katika nyekundu.
Wakanyoosha mikono, tukahesabu kwa tochi.
Nyekundu ikashinda kwa kura tano.
Ndahani, mwenye mali, alinitazama, hakuuliza kitu.
Hadi leo sijui kama alijua.

Mwaka uliofuata habari zikafika:
wenye kiwanda cha nyekundu wamesalimu amri.
Mlowezi alikuja na sare yake, akasimama mlangoni.
"Wameiua," akasema. "Na ndiyo ilikuwa bora.
Sikusimuliwa mimi, niliona kwa macho haya."
Nilitaka kusema. Nikampa kiti.
Nilitaka kusema. Nikampa chai.

Siku hizi hata buluu haina mwenyewe;
watu wanatembea na sinema mia mfukoni, kwenye simu.
Diski ya nyekundu inaning'inia kwa uzi
katika shamba la uwele la Mlowezi, huko Mpunguzi,
inatisha kwelea kwelea.
Kando yake ametundika ya buluu, aliyopewa bure na Mwalimu.

Juzi alinipeleka nikazione zikizunguka juani.
"Fundi, wewe ndiye mtaalamu. Sema kweli.
Ndege wanaogopa ipi zaidi?"

Nilitazama kwa muda.
Kwelea watatu walikuwa wametua juu ya uzi wenyewe,
wanajikuna.

"Nyekundu," nikasema.