Soketi ya Pili

Nimevua sweta. Mufindi, mwezi wa saba unaisha,
saa nne usiku, ukungu umejaa mpaka kwenye tundu la funguo.
Bi Luvanda wa uhasibu ananishangaa:
"Utakufa na baridi, binti wa Tukuyu."
Namwambia sufu ina cheche zake,
ndogo kuliko mnong'ono,
na hiki nilichokipakata toka Iringa kwenye boksi
(kondakta nilimwambia ni mayai,
maana mayai watu wanayaheshimu)
hakivumilii hata mnong'ono.

Kesho wachumaji wanakuja na kadi zao,
kilo kwa kilo, chai ya siku thelathini,
na seva hii, miaka sita peke yake,
inahesabu kama mtoto wa chekechea, kwa vidole.
Foleni inazunguka jengo. Akina mama
wamejitanda mablanketi, wanaambiwa, "Mtandao,"
na mtandao wa watu hauna kosa.

Nazima. Nachomoa nyaya za umeme, zote mbili.
Feni zinaishiwa pumzi moja moja,
na kwa mara ya kwanza tangu nifike
nasikia mikaratusi ikidondosha ukungu juu ya bati.

Ndani, vumbi jekundu; limefika hata huku.
Soketi ya kwanza ina kazi na joto lake.
Ya pili ina kifuniko cheusi cha plastiki:
nyumba iliyojengwa, ikaezekwa, ikafungwa,
mwenyewe hajahamia.

Nainua kifuniko. Pini, elfu tatu na ushee,
zimeinama upande mmoja kama miche kitaluni baada ya upepo.
Napitisha tochi mstari kwa mstari.
Hakuna iliyolala.

Prosesa haisukumwi. Gwamaka ndiye aliyenifundisha,
kabla hajahamia Dodoma na kuniachia duka na viti viwili:
"Pembetatu juu ya pembetatu, kisha iache ikae yenyewe.
Ikikataa, mkosaji ni wewe."
Nimeiacha. Imekaa,
kwa sauti ya punje moja ya mchele kwenye ungo.

Dawa ya joto, kiasi cha harage.
Kipoza joto juu yake. Skrubu nakaza kwa kona,
hii kidogo, ya mkabala kidogo,
kama nati za tairi la trekta.
Feni. Waya. Umeme.

Taa ya njano.
Kioo cheusi.
Bi Luvanda haulizi, anamimina chai.
Taa ya njano. Chai inapoa.

Halafu naona aibu: nimemleta mgeni,
nimempa kitanda, nimempa feni,
na kumbukumbu zote nimeziacha kwa mwenyeji.
Afikiri kwa kutumia nini?

Nazima tena. Vipande vinne navihamishia upande wa pili,
kila kimoja kinalia *ta* huku, *ta* kule.
Nawasha.
Kioo kinajikuna, kinakohoa, kinaandika: prosesa mbili.

Bi Luvanda anafungua hesabu za mwezi.
Jana zilikula asubuhi nzima;
leo chai ya pili bado inafuka.
"Wanagawanaje?" ananiuliza.
"Sijui kwa hakika. Huyu anashika jina, yule anashika jina."
"Na hawagombani?"
"Wakati mwingine mmoja anamsubiri mwenzake."
Anatikisa kichwa, anachapa.

Navaa sweta. Nagusa kitasa cha mlango:
cheche.
Ilikuwa inaningoja nje ya kazi.