Safu ya Dhamana

Oulu, Januari. Saa tatu asubuhi na jua bado halijaamua.
Nimewasha mitambo arobaini, nimeketi.
Nusu saa ipate moto kwanza:
ndivyo nilivyoandika mwenyewe, ukurasa wa tatu, mstari wa kwanza.
Nami pia, kabla ya kikombe cha pili cha kahawa,
usiniulize kitu.

Kazi yangu ni kupima kinachopima.
Naziba mlango wa kila mtambo kwa kizibo cha omu hamsini,
isiingie redio, wala simu, wala rada ya uwanja wa ndege,
kisha natazama skrini.
Debe tupu haliachi kuvuma:
pale chini mstari wa kijani unatokota kama uji,
kelele ya mtambo wenyewe, ya joto la nyaya zake,
na lolote lililo dogo kuliko hiyo
litapita mbele ya macho yako usilijue.
Hiyo ndiyo sakafu.

Thelathini na tisa imefika hasi mia hamsini na mbili.
Ule wa kumi na saba umegota hasi mia arobaini na tisa.
Nikabadili kebo. Nikabadili kizibo.
Nikakaza nati kwa spana mpaka ikalia tik.
Hasi mia arobaini na tisa.

Ilmo Pelkonen wa mauzo akaingia, koti lingali na theluji.
"Desibeli tatu tu," akasema.
Ni kelele mara mbili, Ilmo.
"Basi uondoe huo mmoja."
Na wa elfu moja na kumi na saba, utakaoundwa Agosti
mimi nikiwa likizoni, nani atauondoa?

Karatasi yetu ina safu mbili.
Kulia "kawaida": mtambo ulivyo siku njema,
chumba kikiwa nyuzi ishirini na tatu.
Kushoto "dhamana": wowote utakaoufungua kutoka kwenye boksi.
Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa safu ya kulia.
Kwa kawaida alirudi mapema.
Kwa kawaida alikumbuka kumpitia mtoto shuleni.
Sikumchukia. Sikuwa na namba ya kushoto, basi.

Kuna na vipimo vingine, kila kimoja na ukorofi wake.
Weka ishara nene katikati, na nyembamba pembeni yake:
mtambo hafifu huivalisha ile nene gauni pana
na nyembamba ikapotelea kwenye pindo.
(Nimewahi kukaa karibu na shangazi Impi harusini. Najua.)
Bana chujio uone vizuri zaidi, na mstari unatambaa;
kwa hezi moja nimekwenda kunywa supu ya samoni,
nikarudi, haujavuka nusu ya skrini.

Lakini ni sakafu iliyomfanya Raili Magga aniandikie,
kutoka kaskazini, kwa kalamu ya risasi.
Alikuwa akitafuta kola ya redio ya kulungu wake kiongozi.
"Karatasi yenu ilisema ningeiona kama ipo.
Sikuiona. Nikaamini haipo, nikageuza kigari cha theluji."
Kola ilipatikana Mei, barafu ilipoachia.
Ilikuwa pale pale alipogeuzia.
Karatasi ile haikuwa na sahihi yangu.
Barua yake ninayo, droo ya chini, pamoja na fyuzi.

Nikaandika, safu ya kushoto: hasi mia arobaini na saba.
Desibeli moja nimeitoa kwa ajili ya baridi na joto,
moja kwa ajili ya nisiyoyajua.
"Wenzetu wanaandika mia hamsini," akasema Ilmo.
Waulize wana safu ngapi, nikamwambia.

Saa nane mchana, dirisha limeanza kuingia giza.
Nazima mmoja mmoja.
Ule wa kumi na saba nauacha uwake;
nataka kesho nione kama utasema vilevile.